Kazi Ifanywayo Nyumbani na Haki za Watu wa Nyumba

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetujaalia nyumba zetu kuwa mahali pa utulivu, akatupa na mikono ya kuchumia riziki ya halali. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyeufuata mwendo wao kwa wema mpaka siku ya malipo.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu Waislamu, ninyi mlio mbele yetu msikitini na ninyi mnaotusikiliza kwa redio majumbani, twawausia pamoja na nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu mahali tunapoonekana na mahali tusipoonekana. Leo tumekusudia kusema juu ya jambo ambalo wazee wetu hawakulitaja juu ya mimbari, kwa kuwa halikuwapo kwa sura hii: mtu kuketi nyumbani kwake hapa Vudee, katika milima hii ya Upare, akawa mfanyakazi wa ofisi iliyo Dar es Salaam au ng'ambo ya bahari, wala asitoke nje ya ua wake.

Tumelichagua jambo hili kwa sababu ya maneno ya mama mmoja mgonjwa.

Kijana wake, ambaye hatutamtaja jina, alikuwa akifanya kazi ya hesabu katika kampuni moja mjini Dar es Salaam. Mama alipopooza upande mmoja wa mwili, kijana aliomba ruhusa arudi nyumbani, kazi yake aifanye kwa kompyuta kwa njia ya mtandao, naye akaruhusiwa. Kijiji kizima kilimsifu. Na sisi tulikuwa miongoni mwa waliomsifu, tena kwa sauti, hapa hapa msikitini. Baada ya wiki chache tulikwenda kumjulia hali yule mama. Tulimkuta amelala chumbani peke yake, uji umepoa juu ya kigoda, na kutoka chumba cha pili tukamsikia mwanawe akizungumza na watu tusiowaona. Tukasema, "Mama, mshukuru Mungu, mwanao amerudi." Akatujibu, "Shehe, mwanangu hajarudi. Mwanangu yuko Dar es Salaam. Kilichorudi ni ule mlango uliofungwa."

Ndugu zetu, hatukuwa na jibu. Tuliondoka tukiwa tumebeba maneno yale, na tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza: mtu huyu amekosa wapi, naye hakukusudia ila wema?

Kazi ya nyumbani yenyewe si jambo geni katika milima hii. Zamani Mpare alilala, akala na akafanya kazi mahali pamoja. Washana wa Ugweno, ule ukoo wa wafua chuma, waliurithisha ufundi wao kutoka baba kwa mwana, na mtoto alijua baba yake anafanya nini kwa kuwa alimwona. Kisha reli ya Tanga ikafika Moshi mwaka 1911, mashamba ya mkonge yakatanda uwandani, hata hapo chini Makanya, na kazi ikaihama nyumba. Baba akashuka mlima kwenda kutafuta mshahara, mama akabaki na jembe na watoto. Tangu hapo tukazoea kwamba kazi ni mahali pa kwendea na nyumba ni mahali pa kurudia, na kati ya viwili hivyo ipo njia, na njia ile ilikuwa na faida yake, maana mtu akiitembea humwacha msimamizi nyuma na kuwaelekea wanawe mbele.

Sasa njia ile imeondolewa. Mwaka 2009 waya wa mawasiliano wa SEACOM, uliopita chini ya bahari, ulifika Dar es Salaam. Baadaye umeme na minara ya simu ikazidi kuenea vijijini. Ulipokuja ugonjwa wa korona mwaka 2020, shule na vyuo vyetu vikafungwa mwezi wa Machi. Vyuo vikafunguliwa Juni mosi, na shule zilizosalia mwishoni mwa mwezi ule. Ofisi nyingi duniani ziliwaambia watu wake wabaki nyumbani na wafanye kazi huko huko. Ugonjwa ukapungua, lakini desturi ile ikabaki. Kazi iliyoihama nyumba kwa miaka zaidi ya mia imerudi. Nayo imerudi mgeni asiyejua adabu za nyumba, asiyejua saa ya kuondoka.

Yatupasa tuanze na haki ya mwenye kazi, maana wengi huisahau. Mtu aliyeajiriwa kwa saa nane akalipwa kwa saa nane, kisha akafanya kazi saa tano na zile tatu akazipeleka shambani kwake au kitandani, huyo hana tofauti na muuza nafaka mwenye kibaba pungufu. Ipo sura nzima katika Kur'ani Tukufu, nayo ni Almutaffifin, iliyochukua jina lake kwa watu hao wapunjao, na mwanzo wake ni onyo kali kwao. Wapunjaji wa zamani walipunja kwa mizani. Sisi twaweza kupunja kwa saa, kwa kuwa bwana hatuoni.

Na katika jambo la bwana asiyeona, tunao mfano ulio bora kuliko mifano yote. Bibi Khadija, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alikuwa mfanyabiashara wa Makka. Yeye hakusafiri na misafara. Alikaa nyumbani, akaziendesha biashara zake kwa kuwakabidhi mali watu waaminifu waliokwenda nayo nchi za mbali. Mtume wetu (S.A.W.), kabla ya kupewa utume, alichukua bidhaa zake mpaka Sham, mwendo wa wiki nyingi jangwani, pasipo simu wala barua ya kumwuliza umeuza kwa bei gani. Alirudi na amana kamili na faida kubwa, naye Maisara, mtumishi wa Bibi Khadija aliyefuatana naye, akamsimulia bibi yake aliyoyaona. Uaminifu ule uliofanyika mbali na macho ya mwenye mali ndio uliomfanya Bibi Khadija amtake awe mumewe. Basi enyi vijana mnaofanya kazi kwa mabwana walio mbali, kazi hiyo aliifanya Mtume wenu kabla yenu.

Lakini kijana wetu hakuwa mpunjaji. Tulipomwita tukazungumza naye, tuligundua kwamba kosa lake lilitoka upande mwingine kabisa. Alisema, "Shehe, wakubwa zangu hawanioni. Wakipiga simu nisiijibu papo hapo, watasema nimekwenda kulima. Kwa hiyo naketi mbele ya kompyuta tangu alfajiri mpaka usiku wa manane, ili wasipate la kusema." Akaongeza kwamba hata sala ya adhuhuri huisali upesi upesi, simu ikiwa juu ya mswala. Huyu amelipa zaidi ya deni lake. Na kile alichozidisha hakukitoa mfukoni mwake, amekitoa katika fungu la mama yake.

Mnakijua kisa cha Juraij alichotusimulia Mtume (S.A.W.). Juraij alikuwa mcha Mungu wa kale aliyejitenga katika hekalu lake dogo kwa ibada. Mama yake alimjia akamwita, naye yu katika sala. Akasitasita moyoni mwake: mama au sala? Akachagua sala. Mama akarudi siku ya pili, na siku ya tatu, na kila mara mwana akachagua sala yake. Mama akavunjika moyo akamwombea mabaya, na maombi yale yakajibiwa, Juraij akaingia katika aibu kubwa ya kusingiziwa, mpaka Mwenyezi Mungu alipomtoa kwa rehema zake. Wanavyuoni wamechukua katika kisa hiki kwamba kumwitikia mama huitangulia sala ya sunna. Sasa tuulizane kwa haki: ikiwa sala ya sunna yenyewe humpisha mama, hesabu za kampuni zilizofanywa baada ya saa za kazi kwisha zitapata wapi nguvu ya kumzuia?

Tulimwambia kijana yule habari ya ndiva, naye ni mtoto wa hapa, hakuhitaji kuelezwa sana. Lakini kwa ajili ya wasikilizaji wa mbali tutaeleza. Ndiva ni bwawa la udongo lililochimbwa na wazee wetu mlimani. Usiku, watu wamelala, mdomo wake huzibwa, na maji ya kijito huingia taratibu yakajaa. Asubuhi huzibuliwa, maji yakashuka kwa mifereji mpaka mashambani, kila mtu au kila kundi kwa zamu yake. Leo ni zamu ya huyu, kesho ya yule. Na ndiva ikipasuka au ikijaa tope, hupigwa msaragambo, watu wote wakatoka na majembe.

Angalieni hekima iliyomo. Maji ni yale yale machache. Yakigawanywa kwa zamu hutosha kuinusuru mimea ya wengi. Mwenye kufungua mfereji wa jirani yake usiku hafanyi maji kuwa mengi. Huyahamisha tu, na mahindi ya jirani hukauka. Tena ipo hekima nyingine ambayo twaipenda zaidi: ndiva haijai ila izibwe. Ikiachwa wazi usiku kucha, maji hupita kidogo kidogo, hayafiki shamba lolote, na asubuhi bwawa ni tupu. Vivyo hivyo mtu asiyeziba. Simu yake i wazi kwa mwajiri saa zote, i wazi kwa marafiki saa zote, naye mwenyewe asubuhi ni mtupu. Wala mwajiri hapati kazi nzuri, wala mama hapati mtoto, wala Mola wake hapati sala yenye unyenyekevu.

Basi saa zetu na ziwe na zamu. Mwajiri apewe zamu yake kamili, na mlango ufungwe, na jamaa na majirani waiheshimu. Hapa na ninyi majirani mna fungu la lawama. Mtu akionekana yuko nyumbani mchana, humwona hana kazi. "Wewe upo tu, tusaidie kupeleka mfuko huu." "Wewe upo tu, njoo tuzungumze." Akikataa husemwa kuwa ana kiburi cha mjini. Mnamwibia maji katika zamu yake, kisha usiku analazimika kuyafidia kwa kuwaibia watoto wake. Msiba ni msiba, na mgonjwa ni mgonjwa. Hayo hayana saa. Lakini soga ina saa yake, nayo si saa nne ya asubuhi.

Neno hili la "upo tu" limewaumiza wanawake kuliko wanaume, nasi tungependa kulisimamia kidogo. Wapo mabinti zetu waliosoma, wanaofanya kazi za kuandika na kuhesabu wakiwa nyumbani. Wapo na wengine wengi zaidi ambao hawana kompyuta, lakini wana cherehani barazani, au wanapika vitumbua tangu alfajiri. Hao wote watu husema wapo tu nyumbani. Kwa hiyo maji huwangoja wao, kuni huwangoja wao, makande yasipoiva huulizwa wao. Mwanamke mmoja anafanya siku mbili ndani ya siku moja. Kisha mume huzihesabu fedha za mkewe kuwa ni zake. Sheria yetu iko wazi, imo katika Suratun Nisaa, kwamba wanaume wana fungu katika waliyochuma, na wanawake kadhalika wana fungu katika waliyochuma wao. Akimsaidia mumewe kwa hiari yake, ni sadaka yenye thawabu. Akinyang'anywa, ni dhuluma.

Na yule mume anayeona haya kushika ufagio kwa kuwa yeye ni mtu wa ofisi, ingawa ofisi yake iko hatua tatu kutoka jikoni, na asikie. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amwie radhi, aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani. Alijibu kwamba alikuwa katika utumishi wa watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ulipoingia alitoka akaenda kusali. Imepokewa pia kwamba akishona nguo yake na akitengeneza viatu vyake mwenyewe. Hapo tumeoneshwa zamu mbili pamoja: ya watu wa nyumba na ya Mola, na ya pili ilipofika, ya kwanza ilisimama.

Liko jambo jingine ambalo wengi hawalitambui. Suratun Nuur imetufundisha kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba za watu. Tena imetaja nyakati tatu ambazo hata watoto na watumishi wa nyumba waombe ruhusa: kabla ya alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri, na baada ya isha, kwa kuwa hizo ni nyakati za faragha. Sisi watu wa Upare hatuingii kwa mtu bila hodi, hata mlango ukiwa wazi. Lakini jicho la kompyuta halipigi hodi. Mtu anapozungumza na ofisi yake kwa picha, huwaingiza watu ishirini sebuleni mwake, na mkewe akapita nyuma kichwa wazi hana habari, na ugomvi wa watoto ukasikika mpaka nchi nyingine. Ndugu zetu, kabla hujaifungua picha hiyo, piga hodi kwa watu wako wa ndani. Waambie. Geuza kiti kielekee ukuta. Ni jambo dogo la kufanya, lakini heshima ya nyumba nzima imelalia hapo.

Na madogo ndiyo tunayoyataka leo. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa ni ndogo. Hatukumtaka kijana yule aache kazi. Tulimtaka afanye mambo mawili tu. La kwanza, amwandikie mkubwa wake kwa uwazi: nitaanza saa mbili asubuhi, nitatoka saa sita na nusu kwa sala na kumlisha mama, nitarudi saa nane, nitafunga saa kumi na moja na nusu, na ndani ya saa hizo mtanipata. Aliogopa sana. Alisema watamfukuza. Aliikaa na barua ile siku nne. Mwishowe aliipeleka, na jibu likarudi siku ile ile, kwamba wamekubali, wala hawakuwa wamejua kuwa mama yuko katika hali ile. Hatusemi kila mwajiri atajibu hivyo. Wapo wagumu, nasi twawajua. Lakini hofu ile aliyoibeba miezi kadhaa ilikuwa hofu ya jambo ambalo hakuwahi kuliuliza.

La pili, mlango. Tulimwambia aufunge wakati anapozungumza na watu tu, na saa nyingine zote uwe wazi.

Tulirudi kumtazama mama yake kabla ya mwezi wa Rajabu. Bado hajaweza kuinuka. Alitulalamikia kwamba mwanawe hula haraka kama mtu anayekimbilia basi. Kisha akasema, "Lakini sasa namsikia akikohoa." Akasema mchana akimwita, huja, na asipoweza kuja huitikia.

Wala msidhani kwamba sisi tunaosema haya tumesalimika. Hotuba hizi huandikwa nyumbani, usiku wa kuamkia Alhamisi. Si mara moja tumemkemea mtoto aliyekuja kutuonyesha daftari lake, ili tupate kumaliza ukurasa unaohimiza upole kwa watoto. Hotuba hii ya leo tumeiandika mchana, baada ya kumwuliza mwenye nyumba ni saa gani itamfaa. Alishangaa kuulizwa. Mshangao wake ulitutia haya.

Limebaki neno la Ijumaa yenyewe. Adhana ya Ijumaa inapoadhiniwa, tumeamrishwa kuacha biashara, na baada ya sala tumeruhusiwa kutawanyika kutafuta riziki. Mfanyakazi wa nyumbani na ampe mwajiri wake habari mapema kwamba saa hizi za Ijumaa si zake, azilipe siku nyingine ikibidi. Wala mtu asidanganyike kwamba kwa kuwa kazi yafanyika kwa mtandao, na Ijumaa nayo yaweza kusaliwa kwa redio. Mwaka 2020 nchi nyingi zilisimamisha sala za jamaa misikitini kwa ajili ya maradhi, hata Saudi Arabia ilifanya hivyo mwezi wa Machi. Hapa Tanzania misikiti haikufungwa. Na huko ilikofungwa, wanavyuoni walio wengi hawakuwaambia watu wamfuate imamu wa kwenye redio au televisheni. Waliwaambia wasali adhuhuri majumbani mwao. Sauti yetu yaweza kukufikia jikoni, lakini safu haifiki huko.

Ewe Mola wetu, zibariki nyumba zetu na kazi zifanywazo ndani yake. Waponye wagonjwa wetu, na mama huyu tuliyemtaja. Wape subira wanaowauguza. Utuepushe na kupunja na kupunjwa. Wasamehe wazee wetu waliotutangulia, waliochimba ndiva tunazonywea. Uinusuru nchi yetu na uiweke katika amani. Amin.

Mlio msikitini, simameni, nyosheni safu, zimeni simu. Nanyi mnaotusikiliza majumbani, wanawake, wagonjwa, wasafiri na wanaowauguza wasioweza kuachwa peke yao, msitufuate sisi. Adhuhuri yenu ni rakaa nne, na msafiri aweza kuifupisha.